Mikidadi, Mshindi wa Maharage Machache

Mzee Mikidadi ndiye mtu anayeshinda mara nyingi kuliko wote ninaowafahamu, na kwa miaka miwili alinikera kwa sababu hiyo hiyo.

Ni fundi baiskeli hapa Mafiga. Ni Mnyamwezi, lakini Tabora ameiona mara chache tu. Baba yake aliletwa Morogoro na kazi ya reli, akazaa hapa na akazikwa hapa. Ukibishana na Mzee Mikidadi utashindwa, maana habishani ila juu ya jambo ambalo ameshalihakikisha. Akikwambia leo mvua itanyesha, ujue ametazama juu akaona mlima wote umeshafunikwa. Zamani rafiki yake alimfuata washirikiane kufungua duka la vipuri vya pikipiki kule Msamvu, karibu na stendi. Mzee Mikidadi akamuuliza kama ana hakika litakwenda. Yule akajibu kwamba hakika hana. Basi akakataa, na mpaka leo hujisifu kwamba hakupoteza hata senti. Rafiki yake sasa ana maduka mawili na kitambi. Hata marehemu mkewe alichaguliwa na wazazi, kwa hiyo mzee mzima wa miaka sitini na ushee alikuwa hajawahi kumwomba mwanamke jambo ambalo angeweza kukataliwa.

Mimi naitwa Margareth. Nafundisha hisabati sekondari na sina subira. Waulizeni wanafunzi wangu. Nimepanga chumba kwa Bi Mwanaheri, mjane wa Kiluguru anayeuza ndizi sokoni. Ndizi zenyewe hushushwa kutoka Kinole, mlimani, kwa mjomba wake. Barazani kwake kila Jumamosi alasiri kulikuwa na karata tangu kabla sijahamia: yeye, Mzee Mikidadi, na Abdulswamad fundi viatu. Walikuwa wakicheza lasti kadi ile ile mpaka karata zikalegea kama matambara. Mimi ndiye niliyewaletea poka, mchezo niliojifunza bwenini chuoni nyakati umeme ukikatika.

Abdulswamad aliposikia kwamba poka huchezwa kwa kuweka kitu mezani, alikunja mkeka wake na kusema kamari ni haramu, yeye hayumo. Bi Mwanaheri akaingia ndani, akatoka na ungo wa maharage makavu, akatugawia sawa kwa sawa. Akasema mchezo ukiisha maharage yote yanarudi kwenye ungo, na sote tunakula wali wa sufuria moja, kwa hiyo hakuna atakayekuwa amemla mwenzake. Ila mwenye maharage mengi atapewa ukoko, na mwenye machache ataosha sufuria. Abdulswamad alifikiri kidogo. Wali wa nazi ukanukia kutoka jikoni, akakunjua mkeka.

Poka yenyewe si ngumu. Unapewa karata mbili za siri, halafu tano zinafunuliwa katikati kidogo kidogo, na mwisho mwenye karata bora anazoa. Kila hatua unaweka maharage kama unaziamini karata zako, au unazifunika na kujitoa. Unaweza pia kusukuma maharage mengi huku huna kitu mkononi, ukiwatisha wenzako wafunike.

Mzee Mikidadi aliupokea mchezo huo kama aliyezaliwa nao. Alishinda, akashinda tena. Ila alishinda maharage mawili, matatu, ya watu waliokwishachoka. Dau likikua tu, na hasa Bi Mwanaheri akisukuma fungu lake lote katikati na kumkazia macho, mzee alikuwa anafunika. Bi Mwanaheri yeye alishindwa karibu kila mzunguko huku akicheka, halafu mara moja kwa jioni anazoa kila kilichopo. Adhana ya magharibi ikilia, Mzee Mikidadi ameshinda mara nyingi kuliko sisi watatu tukijumlishwa, na mbele yake ana kifungu cha wastani. Katika miaka miwili hakuwahi kuosha sufuria, wala hakuwahi kuonja ukoko.

Siku moja uvumilivu ulinishinda. Alikuwa na kopa nne, imebaki karata moja kufunuliwa, na ikija kopa ya tano hakuna ambaye angemgusa. Katikati palikuwa na maharage thelathini. Ili abaki alitakiwa kuongeza matano tu. Akafunika. Nikamuuliza kwa nini. Akanijibu kwa utulivu kwamba kwa karata zilizobaki, kopa ingekuja mara moja katika kila mara tano, kwa hiyo mara nne angeshindwa. Hesabu ilikuwa sahihi, na ndiyo maana iliniudhi. Nikachota maharage nikampangia mkekani: mara nne unapoteza matano matano, hiyo ni ishirini, mara moja unachukua thelathini. Usihesabu unashinda mara ngapi, nikamwambia, hesabu ukishinda unapata nini na ukishindwa unatoa nini. Ukicheza hivyo maisha yako yote utashindwa mara nyingi, na bado utaondoka na maharage kumi ya faida.

Aliyatazama yale mafungu mawili kwa heshima, kama anavyoitazama baiskeli mpya ya mtu mwingine.

"Nimeelewa, Mwalimu," akasema. "Lakini hizo mara nne nitashindwa mbele za watu."

Sasa kuna suala la utani, na bila hilo hamtanielewa. Mnyamwezi na Mluguru ni watani. Mtani anaweza kuja kwenye msiba wako akasema marehemu alikuwa mchoyo, akaondoka na kuku wako, na wewe huna ruhusa ya kununa. Basi Mzee Mikidadi alikuwa akifika barazani anamwita Bi Mwanaheri mke wangu, na kuuliza kama amemtengea maji ya kuoga. Bi Mwanaheri alimjibu kwamba Wanyamwezi walifika huku wamebebeshwa mizigo ya watu, na yeye haolewi na punda. Tunacheka, tunagawa karata. Kila Jumamosi hivyo hivyo. Kila Jumamosi mzee alishinda kicheko kimoja cha uhakika, akakichukua, akarudi nacho kwenye nyumba isiyo na mtu.

Mimi nilimwona. Mtu anayetania tu hakodolei mlango mpaka mwenye nyumba arudi na birika la chai.

Mwaka huu, masika yalipokwisha, Raya akapiga simu. Raya ni binti pekee wa Bi Mwanaheri, ana mgahawa Kisaki karibu na stesheni, na wateja wamemzidi nguvu. Alitaka mama yake ahamie huko wasaidiane. Bi Mwanaheri alitupa habari hiyo huku anachanganya karata, akasema amemuahidi binti yake jibu Jumamosi ijayo.

"Nikikosa sababu ya kukaa Mafiga, nitakwenda," alisema, na aliyemtazama hakuwa mimi wala Abdulswamad.

Ilikuwa nafasi ambayo hata mwanafunzi wangu wa mwisho darasani angeiona. Mzee Mikidadi akamwambia aende salama, tembo wa Kisaki watafurahi kumpata ndugu yao anayejua kula ndizi. Abdulswamad alicheka mpaka akakohoa. Bi Mwanaheri alicheka pia, lakini alichelewa kidogo kuanza. Nilitamani kumpiga mzee wa watu na ungo.

Jumatatu baada ya vipindi nilimfuata kwenye kibanda chake. Nikamwamkia shikamoo, maana hasira haziondoi adabu, akaitika marahaba, kisha nikamwambia waziwazi kwamba anampenda Bi Mwanaheri. Aliendelea kutafuta pancha ndani ya karai la maji, na mpira wenyewe ulikuwa umening'inia ukutani. Baada ya muda akaniuliza, bila kuinua uso, nafasi yake ni kiasi gani.

Nikamwambia moja kati ya tano. Sijui niliitoa wapi. Mwalimu wa hisabati ukiulizwa kiasi huwezi kusema hujui, watu watakushangaa.

Akatikisa kichwa. Alisema basi mara nne atakataliwa, na mwanamume aliyekataliwa hawezi kurudi kukaa kwenye baraza lile lile. Atapoteza Jumamosi zake, atapoteza karata, na hata kile kicheko kimoja atakipoteza. Kwa nini aviweke vyote hivyo mezani kwa nafasi moja kati ya tano? Alisema kwa uchungu hasa, na hapo hasira zangu zikapungua, nikavuta kreti la soda nikakaa.

"Mzee, piga na hesabu ya kufunika," nikamwambia. "Ukifunika, anakwenda Kisaki. Hizo Jumamosi haziko mkononi mwako tena, zimeshakwenda katikati. Ukijitoa huziokoi."

Mteja mmoja alikuja kujazwa upepo, akajazwa, akaondoka bila kudaiwa, jambo ambalo halijawahi kutokea katika kibanda kile.

"Sasa nikienda nikashindwa, napoteza nini zaidi?"

"Unaaibika," nikamwambia. "Basi."

Akafuta mikono, akafunga kibanda mchana kweupe, akaenda sokoni. Na pale sokoni, mbele ya ndizi, akamwambia Bi Mwanaheri kwamba anataka kumuoa. Bi Mwanaheri akamjibu alete kwanza ng'ombe arobaini, na asiwabebe mgongoni kama walivyozoea kwao. Safu nzima ya wauza ndizi ikaangua kicheko. Mzee wa watu alisimama pale akicheka nao, maana angefanya nini? Maneno yote ya kuposa alikuwa ameshayatumia kwa utani, miaka na miaka, hakujibakizia hata moja jipya la siku ya haja.

Kosa hilo nadhani hulipati kwa watu wengine. Kwingine mtu huogopa kukataliwa. Huyu wetu alishindwa hata kukataliwa.

Abdulswamad ndiye aliyetoa wazo la Kinole. Kwa Waluguru mjomba ndiye mwenye neno, akasema, na posa ikipita kwa mjomba hakuna atakayeiita utani. Akajitolea kuwa mshenga. Jumatano wakapanda mlimani, Mzee Mikidadi amevaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia yake mpya ya vito. Yaliyotokea huko nilisimuliwa na Abdulswamad, aliyelazimika kusimama mara kadhaa kwa kucheka.

Mjomba mwenyewe anaitwa Mzee Said. Aliwakaribisha vizuri, akasikiliza posa mpaka mwisho, halafu akaomba ianze upya ili awaite majirani. Majirani wakaja. Abdulswamad akairudia. Mzee Said akawaambia watu wake kwamba katika maisha yake ametaniwa na Wanyamwezi wengi, lakini utani wa kukodi mshenga na kupiga pasi kanzu hajapata kuuona, na huyu bwana anastahili heshima. Kisha, kwa haki ya mtani, akamvua kofia akaivaa yeye. Wakalishwa ndizi za nazi wakashiba, wakasindikizwa hadi njiani kwa vigelegele. Mzee Mikidadi hakuweza kukasirika, kwa kuwa mtani hakasiriki. Aliteremka mlima kichwa wazi juani.

Nilicheka, Mungu anisamehe. Halafu nikakumbuka kwamba Jumamosi iko karibu, na nikaacha.

Jumamosi ilipofika alikuja mapema, bado kichwa wazi. Alimsalimia Bi Mwanaheri kwa jina lake, akamuuliza habari za nyumbani, akakaa. Hakukuwa na mke wangu wala maji ya kuoga. Bi Mwanaheri akamchokoza kidogo, akamuuliza kama mizigo ya leo ilikuwa mizito. Akajibu kwamba hajambo, anashukuru. Abdulswamad akanitazama, nami nikamtazama. Siku hiyo mzee hakushinda hata kile kicheko chake cha uhakika, kwa sababu hakukiomba.

Tukacheza. Mzunguko wa mwisho, Bi Mwanaheri akasukuma fungu lake lote katikati kama kawaida yake, akamkazia macho. Mimi nilikuwa nimeshafunika, Abdulswamad naye. Mzee Mikidadi akatazama karata zake mbili. Halafu akaweka viganja vyote viwili nyuma ya maharage yake akayasukuma yote, mengine yakaviringika chini ya mkeka. Bi Mwanaheri alifunua karata zake: jozi ya tatu, yaani tatu mbili tu, kitu ambacho mtu mwenye akili hakiwekei hata maharage mawili. Mzee Mikidadi akafunua zake. Hakuwa na kitu kabisa. Kwa hesabu, alikuwa amecheza vibaya kuliko mtu yeyote niliyewahi kumfundisha.

Mchezo ukaisha, tukala. Bi Mwanaheri aliubandua ukoko, haki yake ya ushindi, akaufunika kwenye sahani bila kuugusa. Mzee Mikidadi alichukua sufuria akaenda nayo bombani uani, akakunja mikono ya shati, akakaa kwenye kigoda na kuanza kusugua. Siku nyingine yoyote angepiga kelele mtaa mzima usikie kwamba kaoa mke asiyemheshimu. Alisugua tu. Mimi na Abdulswamad tulibaki barazani, mahali ambapo, kwa bahati, mtu huona na kusikia kila kitu cha uani.

Bi Mwanaheri alimfuata akasimama mbele yake, mkono kiunoni.

"Mnyamwezi, mbona leo hunitanii?"

"Kwa sababu leo sitanii," akasema. "Nilikwambia sokoni, hukuniamini. Nikaenda kwa mjomba wako, naye hakuniamini. Nakupenda, Mwanaheri. Usipotaka, nitamaliza kuosha niende zangu."

Bi Mwanaheri akageuka akaingia ndani. Abdulswamad aliacha kuchokonoa meno. Mimi nilikuwa nimeshaanza kumwonea mzee huruma ile ya kumwonea mtu aliyefuata ushauri wako, na nikajiona mjinga na maharage yangu ya kupanga mkekani.

Bi Mwanaheri akarudi na ile kofia ya vito mkononi. Ilikuwa imeshuka asubuhi hiyo na lori la ndizi. Alimwambia kwamba mjomba alimpigia simu Jumatano akiwa hajiwezi kwa kicheko, akamsimulia posa yote, kanzu yote, na yeye hakucheka. Alimwambia mjomba aivue kofia ya watu na kuiteremsha, kwa kuwa hakuna Mnyamwezi anayepanda mlima wote ule kwa utani. Na kwa vile mikono ya Mzee Mikidadi ilikuwa imejaa povu, alimvalisha mwenyewe, ikakaa upande kidogo.

"Leo nilikuwa na jozi ya tatu," akamwambia. "Siku nyingine zote nilizosukuma fungu nikakutazama, ukafunika, sikuwa na hata hiyo."

Mzee Mikidadi aliacha kusugua.

"Zote?"

"Zote. Nilikuwa nangoja tu uingie."

Niliona midomo yake ikichezacheza, na najua alikuwa akifanya nini: alikuwa anazihesabu Jumamosi. Macho yake yalilengalenga machozi. Sikuwahi kumwona mtu akigundua hasara ya miaka miwili huku akifurahi kiasi kile.

Bi Mwanaheri akageukia barazani, maana alijua fika tuko wapi, akaniuliza nilimwambia huyu nafasi yake ni kiasi gani. Nikasema moja kati ya tano. Alicheka mpaka akashika ukuta. Aliporudiwa na pumzi akasema hesabu yangu ilikuwa nzuri, ila nilikuwa napikia naye jiko moja kila siku na haikunijia kumuuliza.

Alimpigia Raya pale pale, akamwambia atafute mpishi mwingine. Kisha akaufunua ukoko, akauvunja katikati, akampa Mzee Mikidadi kipande kikubwa. Mzee aliula na povu lake mikononi, polepole, amefumba macho. Alipomaliza akasema umeungua kidogo. Bi Mwanaheri akamwita punda, wakaingia ndani wakibishana, na sufuria niliimalizia kuosha mimi.